Nimetembezwa Mlimani kwa elfu ishirini

Mwalimu mwenzangu aliweka tangazo kwenye status yake: matembezi ya miguu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jumamosi saa tatu asubuhi, historia ya harakati za wanafunzi tangu uhuru, shilingi 20,000 kwa kichwa, maji ya kunywa juu yao. Nilituma hela siku hiyo hiyo, kabla hata sijauliza hao wenye matembezi ni akina nani. Nafundisha historia Morogoro. Sasa tunalo lile somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, la Kiswahili tupu, na mimi mambo haya nimeyafundisha kwa Kiingereza maisha yangu yote. Nikasema acha nikamsikie mtu mwingine anayasimuliaje kwa lugha yetu. Sababu ya pili ni ya nyumbani. Nitaifikia.

Sijutii hela yangu, hilo niliseme mapema, maana huko mbele nitalalamika na sitaki kijana wa watu aonekane tapeli. Si tapeli. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, ana sauti ya kusimulia, na amesoma. Alichelewa dakika arobaini, akaja anahema, akaomba radhi bila kusingizia foleni, akawapa shikamoo wote waliostahili shikamoo, kisha akagawa maji. Tulikuwa watu kumi na mmoja: mimi, wanandoa wawili kutoka Arusha, wanafunzi wa chuo watano waliolipa nusu bei, dada mmoja wa benki, na wazee wawili waliokuja pamoja na kubishana njia nzima. Alikuwa na spika ndogo ya kufunga kiunoni. Spika hiyo ilikata mara mbili, na mara zote mbili ilikata pale utamu ulipokolea. Anunue nyingine.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ukumbi wa Nkrumah, na hapa nampa sifa zote. Kabla hajasema neno, alimpa kila mmoja wetu noti ya zamani ya shilingi 500 iliyowekewa plastiki, ile yenye Karume upande mmoja. Akatuambia tuigeuze, tufumbe jicho moja, tuinyanyue mpaka paa la kwenye noti likae juu ya paa lililo mbele yetu. Nikajikuta nimesimama juani, mama mzima, jicho moja nimefumba, nasogeza noti kushoto na kulia kama fundi anayepima ukuta. Likakaa. Miaka yote ile nilikuwa nanunulia nyanya jengo hili na sikuwahi kuliangalia. Siku hizi mia tano ni sarafu yenye nyati, na vijana wale watano wa chuo walikiri kwamba hawakuwa wameigundua picha hiyo hata walipokuwa wadogo. Mwalimu yeyote anayetafuta namna ya kuanzisha kipindi na aibe mbinu hii, mimi nimeshaiba.

Kuanzia hapo aliingia kwa Walter Rodney, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyeshika simu. Alieleza jinsi mtu wa Guyana alivyofika kufundisha hapa mwaka 1966, akaondoka, akarudi 1969 na kukaa hadi 1974, na kwamba kitabu chake kikubwa, kile cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilitoka 1972 na Tanzania Publishing House ya hapa hapa Dar ikiwa mmoja wa wachapishaji. Alipofika Juni 1980, kifo cha Rodney kwa bomu kule Georgetown, alizima spika mwenyewe na kusema kwa sauti ya kawaida. Huyo ni msimuliaji.

Ila aliponiambia kwamba Rodney ndiye aliyeanzisha USARF, nilinyoosha mkono. Umoja ule wa wanafunzi wenye siasa kali ulianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1967, mwenyekiti wao akiwa kijana wa Kiganda aitwaye Yoweri Museveni. Rodney aliwaunga mkono, akakaa nao, akahutubia vikao vyao. Tofauti si ndogo. Ukisema mwalimu ndiye aliyeanzisha, umewanyang'anya wanafunzi kazi yao, na ndiyo kazi tuliyolipia kuja kuisikia. Kijana hakununa. Alisema, "Asante mama, umenisaidia," akaandika kwenye daftari lake. Mmoja wa wazee wawili akasema alijua tangu mwanzo. Mwenzake akamwambia mbona hukusema.

Kipande cha tatu, cha Cheche, jarida la hao hao USARF, ndicho kilichonipendeza kuliko vyote, pengine kwa sababu za umri. Alitoa kwenye begi karatasi ya stensili. Stensili yenyewe, ile yenye nta, ambayo sisi walimu wa zamani tulikuwa tunapigia mitihani. Akawapa vijana waishike, nao wakaipapasa kama ngozi ya chatu. Akaeleza: unatoa utepe wa taipu ili herufi zitoboe nta, ukikosea unapaka dawa na kusubiri ikauke, unaifunga kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, na wino unakwenda kwenye karatasi, kwenye vidole, na kwenye shati lako la pekee. Nimezungusha mashine hiyo usiku wa manane kwa mitihani ya majaribio, na harufu ya wino ule ilinirudia puani nikiwa nimesimama chini ya mti. Kuwaza kwamba mwaka 1969, Novemba, wanafunzi waliketi hapa hapa na mashine ya namna hiyo wakatoa jarida lililosomwa mbali kuliko walivyotegemea, kunanifanya niwaheshimu hata kwa mikono yao tu.

Hapo pia hakudanganya kuhusu uzito wa mambo. Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria, aliandika humo uchambuzi uliosema kwamba Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa la 1967, lilikuwa halijamaliza mapambano ya kitabaka, na kwamba mashirika yakitaifishwa yanaweza kuzaa wakubwa wapya. Toleo zima maalumu likawa lake. Kusema hivyo mwaka 1970, kwenye chuo cha serikali, kwa jarida ambalo Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, hapo chuoni ulishiriki kulitoa, halikuwa jambo dogo. Novemba mwaka huo huo Cheche ikazimwa na USARF ikaamriwa ivunjwe. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya jina: eti Cheche ni tafsiri ya Iskra, gazeti la Lenin na Warusi wenzake, na Tanzania haihitaji kuazima itikadi ya nje. Neno lenyewe ni Kiswahili cha jikoni. Wahariri wakaona sawa, jarida lililofuata wakaliita Majimaji, atakayesema hilo ni la Kirusi aseme.

(Kijitabu tulichopewa, kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, kinasema Cheche ilifungiwa 1971. Kirekebishwe. Na picha zimedurufiwa mara nyingi mpaka uso wa Zakia Meghji, mmoja wa wahariri wale, umekuwa kiza kitupu. Mama huyo alikuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Anastahili picha ambayo macho yanaonekana.)

Sasa malalamiko yangu.

Matembezi yote yanaanzia 1967. Nilisubiri. Nilidhani atarudi nyuma baadaye, wasimuliaji wengine hufanya hivyo. Alikwenda 1971, akaeleza vizuri kisa cha Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, aliyemwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, akakamatwa na askari wa FFU, wale wa kutuliza ghasia, na kurudishwa kwao Kenya, na wenzake wakagoma wakiunukuu Mwongozo wa TANU uliokuwa umetoka miezi michache tu kabla, ule unaokataza kiongozi kuwa na kibri. Safi. Halafu tukaruka hadi Museveni Ikulu ya Uganda 1986, John Garang na Sudan yake, vijana wakapiga picha. Nikauliza: na 1966?

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Ah, mama, wale wa mwanzo walikuwa wabinafsi tu. Hawakuwa wanaharakati. Naogopa kuwachosha watu."

Kwenye mitihani yetu kuna sehemu huandikwa "maswali yote ni ya lazima". Mtoto anayeiruka sehemu hiyo hata aandike vitabu huko mbele hafiki popote. 1966 ndiyo sehemu ya lazima ya hadithi hii, na neno lenyewe "lazima" ndilo lililowapeleka barabarani.

Serikali iliamua kwamba wasomi waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, miezi 18 kati ya hiyo wakifanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana kwenda Ikulu wamevaa majoho ya chuo, na baadhi ya mabango yao yalisema afadhali ukoloni. Nchi ina miaka mitano tangu ipate uhuru, wakulima wanalima kwa jembe la mkono ili hao wasome, nao wanamwandikia Rais kwamba afadhali mkoloni. Ubishi sina, walikuwa wanatetea matumbo yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaka. Akasema mishahara hii ndiyo inayojenga fikra za namna hii, na kwamba yeye mwenyewe na wao wote wamo kwenye tabaka hilo hilo. Akatangaza hapo hapo kwamba anapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawaambia waende makwao, na karibu wanafunzi 400 wakafungasha virago chini ya ulinzi.

Hesabu siku. Kutoka 22 Oktoba 1966 hadi 5 Februari 1967, siku Azimio la Arusha lilipotangazwa, ni siku 106. Sisemi Azimio lilizaliwa na mabango yale. Nyerere alikuwa anaandika habari za ujamaa tangu 1962. Lakini masharti ya uongozi yaliyomo humo, yanayomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba, yanajibu hoja iliyoonekana uwanjani Ikulu wazi kuliko popote: kwamba tumesomesha watu wanaojiona wanadai nchi. Ukinipa wanafunzi wa miaka yote ya Mlimani nichague ni wepi walioitikisa siasa ya taifa hili kwa siku moja, nitawachagua hao wabinafsi. Waliitikisa kwa kukosea. Wale wa Cheche walikuwa na hoja, na zawadi yao ikawa kufungiwa.

Tena kuna Machi 1978, ambayo kijana wetu aliigusa kwa sentensi mbili tukiwa tunatembea, spika imekata. Safari hiyo wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya mawaziri na wabunge. Hawakudai kitu chao. Walikuwa wanalisema Azimio lenyewe neno kwa neno, na safari hiyo wapatao 350 wakarudishwa makwao, kisha umoja wao, DUSO, ukavunjwa. Weka 1966 na 1978 bega kwa bega, uone. Wa kwanza walidai mshahara wao usikatwe, wakafukuzwa. Wa pili walidai posho za wakubwa zisiongezwe, wakafukuzwa. Darasa langu la kidato cha tano lingeweza kubishana juu ya hilo vipindi viwili bila mimi kufungua mdomo. Kuliacha nje ya matembezi ya elfu ishirini ni kutoa biriani bila nyama.

Tena hawa vijana watano wa chuo waliotembea nasi, kila mmoja alikuwa amepitia JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Waliimba hata wimbo mmoja wa mchakamchaka tulipokuwa tunapanda mlima, wazee wakaitikia. Kilio cha 1966 kilikuwa juu ya jambo hilo hilo, lililosimamishwa 1994 na kurudishwa 2013, na hakuna aliyewaambia.

Nilisema kuna sababu ya nyumbani. Marehemu baba yangu alituambia siku zote kwamba alipokuwa chuo alipoteza mwaka kwa homa ya matumbo. Alikuwa mtumishi wa serikali mpaka anastaafu, picha ya Mwalimu ilikaa sebuleni juu ya redio, na ilipofika Februari tano redio ikianza nyimbo za Azimio, yeye alitoka kwenda kumwagilia migomba, hata kama mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake la bati. Chini ya vyeti kulikuwa na joho. Pindo limechanika upande wa kushoto, na kwenye mkono mmoja kuna doa la wino la ukubwa wa shilingi. Mama ndiye aliyesema, akiwa amekaa mkekani bila kutuangalia: "Baba yenu hakuugua. Alikwenda Ikulu kudai hela, Mwalimu akamrudisha kwa baba yake kulima." Kisha akasema tulikunje tulirudishe.

Basi nilipoambiwa kwamba hao wa mwanzo wanachosha, nilinyamaza hadi mwisho wa matembezi. Tulipokuwa tumekaa kwenye ngazi tukimalizia maji, wengine wameondoka, nikamsimulia. Hakuwasha spika. Alisikiliza, akafungua daftari, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: "Mama, bango lake lilisemaje?"

Sijui. Sikuwahi kumuuliza, na mtu wa kuuliza hayupo.

Haya, alama. Kwa simulizi ninampa kijana huyu alama za juu kabisa, kwa noti na stensili namwongeza, kwa usahihi namkata kidogo (mambo mawili, nimeyataja), kwa muda namkata zaidi, na kwa kuruka swali la lazima namkata kwa uchungu. Inakuja 68 kwa 100. Kwa wino mwekundu pembeni ningeandika: unaweza zaidi ya hapa.

Mkienda, vaeni viatu vya kutembelea, maana kile ni kilima kweli na saa tatu na nusu za kupanda na kushuka si mchezo kwa magoti ya umri wangu. Beba mwavuli. Maji anayotoa ni chupa moja ndogo, haitoshi. Daladala za Chuo Kikuu zipo tele kutokea Barabara ya Sam Nujoma, usidanganywe na bodaboda. Hakuna chakula kwenye bei. Watoto wa chini ya darasa la tano watachoka kabla ya Cheche, labda uwaache na ngedere, ambao wanafunzi wenyewe wanasema ndio wakazi wa kudumu wa Mlimani.

Nilimshauri pia aanzie mjini, Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU ambako chuo kilianzia Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wanaokaa kwenye daladala moja ndogo, halafu wote wapelekwe Mlimani kwa gari kama chuo chenyewe kilivyohamia huko. Ukianzia kwenye ofisi ya chama, habari ya wanafunzi na siasa inajieleza bila spika.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe. Duru ijayo itaanzia Lumumba saa mbili asubuhi, 1966 imepewa kituo chake, na bei imepanda hadi 25,000 kwa ajili ya kukodi kosta. Mimi silipi endapo nitakuja na joho. Nimemjibu kwamba nitalileta, ila halivaliwi na mtu.